Piga Alama Kabla ya Kufungua: Propela na Krosi za Land Rover ya Zamani

Mdogo wangu uliyeingia gereji mwaka huu, nakuandikia kuhusu kazi ambayo wengi wanaiona ndogo: kubadilisha krosi za propela. Propela ni shafti ndefu ya chini ya gari inayopeleka nguvu kwenye ekseli; krosi ni kiungo cha umbo la msalaba kwenye kila ncha yake, kinachoiruhusu ipinde ikizunguka. Gari linakuja, dereva analalamika kwamba akitia gia kunagonga chini, fundi anasema ni krosi, wewe unatumwa uvunguni na spana. Jioni gari limeondoka na krosi mpya. Baada ya wiki mbili linarudi likitetemeka kuliko mwanzo. Nimeliona hilo mara nyingi hapa Arusha kwenye magari ya utalii, yale yanayopigwa na rasta, yaani matuta madogomadogo yanayofuatana, za barabara ya Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, na mara nyingi krosi zenyewe hazikuwa na shida. Zilifungwa vibaya.

Nitatumia mfano wa Land Rover 110 za miaka ya 1980, kwa sababu ndizo nilizojifunzia na bado zipo nyingi barabarani.

Kwanza usikie gari linasema nini. Krosi iliyokauka grisi hulia kama ndege gari linapoondoka taratibu: chwi, chwi, chwi, na mlio unafuata mwendo. Iliyolika hugonga mara moja unapotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele. Mtetemo unaoanza kwenye spidi fulani unaweza kuwa krosi, unaweza pia kuwa propela iliyobonyea au meno yaliyolika ya sehemu inayoteleza, ile inayoiwezesha propela kurefuka na kufupika. Ingia chini, shika propela kwa mikono miwili, izungushe huku na huku, kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukiona unga mwekundu wa kutu pembeni mwa kikombe chake, kile kinachovaa ncha ya krosi, huna haja ya kuendelea kupima, sindano za beringi zilizo ndani zimeshakufa.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana linaua. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu ya nyuma kama kwenye gari dogo la saluni. Iko nyuma ya transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inashika ngoma ya breki ambayo propela ya nyuma imefungwa juu yake. Siku ukiifungua propela hiyo, breki ya mkono inabaki imeshika ngoma tu, na gari liko huru. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki bila kufungua chochote, difu, gia za ekseli zinazoruhusu magurudumu ya pande mbili kupishana mwendo, inaruhusu gurudumu lile lizunguke na gari linaweza kuanguka kutoka kwenye jeki. Nikiwa mwanafunzi nilifungua nati ya mwisho huku gari limesimama kwenye mteremko mdogo ambao sikuuona kuwa ni mteremko. Liliniburuza kiasi cha hatua mbili kabla halijagota kwenye tairi zilizopangwa ukutani. Tangu hapo, kwangu hakuna propela inayofunguliwa kabla magurudumu hayajawekewa magogo mbele na nyuma, hata kwenye sakafu iliyonyooka.

Ukishaweka magogo, usishike spana bado. Chukua brashi ya waya, safisha matope, halafu piga alama. Tumia patasi ndogo au rangi nyeupe: alama kwenye flenji ya propela (sahani ya mwisho yenye matundu ya bolti) na flenji inayopokea, mbele na nyuma, na alama nyingine pale propela inapoteleza kuingia ndani ya mwenzake. Hii ya mwisho ndiyo vijana wanaisahau, na ndiyo inayorudisha magari gereji.

Nikueleze sababu, ili usiifanye kwa kukariri. Krosi ikifanya kazi ikiwa imepinda, haitoi mwendo sawasawa. Upande unaoingia unazunguka kwa kasi moja, lakini upande unaotoka katika kila mzunguko unaharakisha kwa vipindi viwili na kupunguza kasi kwa vipindi viwili. Macho hayaoni, ila bodi ya gari inahisi. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya pili inafuta kosa la ya kwanza, mradi pembe za ncha zote mbili zilingane na masikio ya yoki mbili za kwenye shafti, yaani uma zinazoshika krosi, yakae kwenye mstari mmoja. Ukichomoa sehemu inayoteleza ukairudisha ikiwa imeruka meno mawili, krosi ya pili badala ya kufuta inaongeza.

Kwa propela ya nyuma ya 110, ukilaza shafti sakafuni masikio ya pande zote mbili yanaonekana sambamba. Ya mbele sivyo, na hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Pembe za propela ya mbele hazilingani, kwa hiyo kiwandani waliifunga makusudi masikio yakiwa yamepishana. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kuna fundi aliharibu, nikaichomoa na "kuirekebisha". Gari likatetemeka hadi mteja akaniuliza nimefanya nini. Sikuwa na alama ya kunirudisha nilikotoka. Ilinibidi niende kuangalia gari lingine zima la aina ileile, nihesabu meno.

Kufungua kwenyewe hakuna maneno mengi. Kila ncha ina bolti nne, nati zake ni za inchi 9/16, na spana ya milimita inayokaribia itakung'oa kona. Nati hizo ni za kujifunga, zina nailoni ndani, ukizitoa usizirudishe. Bolti zake ni za chuma kigumu, kwa hiyo usikubali kupewa bolti za duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu tu zimeingia kwenye tundu.

Propela ikiwa mezani, iangalie kama mnunuzi wa ng'ombe. Bomba lake ni jembamba kuliko unavyofikiri. Likiwa limebonyea, au kale kabamba kadogo ka balansi kalikochomelewa pembeni kametoka, krosi mpya hazitakusaidia. Kwa hiyo hata wewe usilibane bomba kwenye jiliwa, bana sikio la yoki. Na usilete moto wa gesi ili kulainisha vikombe, joto linapindisha.

Saklipi, pete za chuma zinazozuia vikombe visitoke, zitakusumbua kwa sababu ya kutu. Safisha mfereji wake, mwagia mafuta ya kupenya, nenda kanywe chai, rudi. Kila dakika utakayoipoteza hapo utailipwa baadaye. Zikishatoka zote nne, tafuta boksi spana mbili: ndogo inayoweza kupita kwenye tundu la sikio, na kubwa ambayo mdomo wake unaweza kumeza kikombe. Ziweke pande mbili za yoki ndani ya jiliwa, kaza taratibu: ndogo inasukuma kikombe cha upande wake, cha upande wa pili kinatoka kuingia kwenye kubwa. Ni bora mara kumi kuliko nyundo.

Kisha chunguza matundu ya masikio. Pitisha msasa laini kutoa kutu tu, usile chuma. Jaribu kikombe kipya kwa mkono: kikiingia na kuzunguka kwa vidole, yoki hiyo imekwisha. Najua utakutana na fundi atakayekuonyesha kupiga vishimo kwa patasi ndani ya tundu ili libane, au kuweka kipande cha kopo, au kuchomelea kikombe kabisa. Mimi nakukataza. Propela ikikatika upande wa mbele gari likiwa kwenye mwendo, ncha inaangukia barabarani na inaweza kuchimba chini. Mwambie mteja ukweli, anunue yoki.

Unaponunua krosi, nenda na ya zamani na venia, kile kipimo cha kupimia vipenyo. Pima kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe, maana Land Rover zimetumia saizi zaidi ya moja, na muuzaji atakuambia "inaingia tu". Chagua yenye nipeli, kichuchu cha kupigia grisi.

Kufunga ndiyo sehemu ya usafi. Vikombe vikae juu ya kitambaa safi, sindano zikiwa zimesimama ndani ya grisi. Weka krosi kwenye yoki, nipeli ikitazama upande wa shafti, mahali ambapo bomba la grisi litafika propela ikiwa kwenye gari. Wakati unasukuma kikombe, shikilia krosi ili mkono wake uwe tayari ndani ya kikombe hicho, usiuache ukining'inia. Sindano moja ikianguka ikalala kwenye kitako cha kikombe, saklipi haitafika kwenye mfereji wake. Itabaki nusu milimita, na kishawishi cha kuongeza nyundo kitakuja. Usiongeze. Toa kikombe, utaikuta sindano imelala. Ukiipiga, utaivunja, na vipande vyake vitasaga krosi mpya kabla haijafika Karatu.

Saklipi zikikaa zote, pindisha krosi pande zote mbili kwa mkono. Iende laini. Ikiwa nzito upande mmoja, gonga sikio la yoki kwa nyundo ya shaba kutoka nje, kikombe kitarudi na kuigusa saklipi, na krosi italegea inavyotakiwa.

Grisi: tumia ya lithiamu ya EP2, inayostahimili mzigo mkubwa. Kwenye krosi, piga hadi uone grisi ikichungulia kwenye sili zote nne. Kwenye sehemu inayoteleza fanya kinyume, pampu mbili tatu zinatosha. Ukiijaza, propela haiwezi kufupika gari linapopiga shimo, na nguvu ile inaenda kwenye beringi za transfa na difu. Na gari likipita kwenye korongo lenye maji, piga grisi siku hiyohiyo.

Rudisha alama kwa alama, nati mpya, kaza kwa newtoni-mita 47 ukienda kwa msalaba.

Na dereva umfundishe hili: 110 inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Propela moja ikifa porini, aifungue yote, afunge difu loki ya katikati, kufuli ya difu iliyo kwenye transfa, na gari litatembea kwa ekseli iliyobaki. Aende polepole, na aifungue loki hiyo siku propela itakaporudi. Baada ya kilomita mia mbili za kwanza, mwite arudi, uingie tena chini na spana yako ya 9/16 uzijaribu nati zote nane.