Kopo lisilo na lebo: usilifungue

Mdogo wangu, nimekuelewa: umeanza kushinda MMA (mapigano ya mchanganyiko), wafuasi wa mtandaoni wanamiminika hadi unakosa mazoezi ukiwarekodia video, na mwenzako wa mazoezi kakupa kopo la virutubisho lisilo na lebo. Usilifungue. Mpiganaji Jon Jones alimpiga bingwa Daniel Cormier Julai 2017, kipimo kikaonyesha turinabol, dawa iliyokatazwa ya kuongeza nguvu. Ushindi ukafutwa, mkanda ukarudi kwa Cormier. Kinachokutwa mwilini mwako ni juu yako, hata kama hukujua. Mwonyeshe daktari wa michezo kila unachomeza, hata dawa ya mafua.

Kanuni nazo zisome mwenyewe. Jones huyohuyo aliondolewa kwenye pambano 2009, tena akiwa anaongoza, kwa kupiga viwiko vya kushuka wima, pigo lililokatazwa wakati huo. Na mazoezi unayoyakosa ukirekodi video, mwambie kocha wako ukweli leo.