Kabla ya kulipia Jimny hiyo, anza chini

Kaka, umeuliza ukague nini kwenye Suzuki Jimny iliyotumika Japani, unayotaka ikupandishe Newala msimu wa korosho. Anza chini. Japani ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chesisi. Lala chali na tochi, gongagonga kwa mpini wa bisibisi, hasa upande wa nyuma. Magamba ya kutu yakidondoka, achana nayo kabisa. Rangi nyeusi mbichi huko chini nayo itilie shaka. Mara nyingi inaficha jambo.

Kisha ijaribu kwenye mchanga, hapo Mtwara haukosekani. Usijaribu foo wili yake (tairi zote nne kuvuta) kwenye lami kavu, mitambo hukaza. Weka foo wili, halafu simama uweke ile nzito, yaani 4L ya mwendo wa taratibu wenye nguvu. Mwenzako aangalie kama tairi za mbele zinavuta kweli. Taa ya dashibodi pekee haitoshi.

Ukifika spidi 60 au 70 usukani ukatikisika sana, ekseli ya mbele ina kazi. Oili ya difu (gia za kwenye ekseli) ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Kilomita usiziamini bila karatasi ya mnada wa Japani, inayoandikwa hali ya gari na kilomita zake. Na muuzaji akimkataa fundi wako, tafadhali usitoe hata advansi.