Usiugawe uso wako katikati

Mdogo wangu, umeuliza utengenezeje kinyago cha sura yako, ilhali mama ni Mmakonde wa Newala na baba ni Mjerumani, na unaogopa kuambiwa unadandia mila. Nakuomba kwanza usipige mstari kutoka paji la uso hadi kidevuni, huku Umakonde, kule Uzungu. Hukuzaliwa vipande viwili.

Anza na uso wenyewe. Nunua bandeji za plasta (POP), zile za kufungia mfupa uliovunjika. Jipake vaselini nyingi, hasa kwenye nyusi, kisha mtu unayemwamini akubandike vipande vilivyolowekwa majini, tabaka tatu hivi, matundu ya pua yaachwe wazi. Plasta hupata joto ikiganda, usishtuke. Ukiibandua utaona mashavu na pua yako bila rangi ya ngozi, na hapo utawaona wazazi wote wawili kwa pamoja.

Kuhusu mila, mafundi wa Kimakonde wamechonga mapiko, yaani vinyago vya ngoma ya jando, yenye sura za wageni pia, Wazungu wakiwemo, na mengi yana nywele halisi za binadamu na chale za nta. Kwa hiyo hata sura ya baba yako ina nafasi humo. Ila lipiko lina miiko ya jando, usiliige lenyewe. Muulize mjomba wako, maana kwa Wamakonde ukoo hufuata kwa mama, ni chale zipi unaweza kuzionyesha hadharani. Upande wa baba, bandika barua zake, lakini tumia kopi.