Viungo vinapogoma baada ya slaidi kuwa kurasa za wavuti

Ukianza kupewa kazi ya kugeuza slaidi ziwe kurasa za wavuti, lalamiko utakalolisikia kuliko yote ni hili: "Viungo havifanyi kazi." Usiguse chochote kabla hujajua mwenzako anamaanisha nini. Kuna kiungo kisichobofyeka kabisa, kuna kinachobofyeka kikakupeleka kusiko, na kuna kinachoitikia mbali na pale ulipobofya. Ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haitibu jingine.

Anza kwa kusogeza kishale juu ya kiungo bila kubofya, kisha tazama pembeni chini ya dirisha la kivinjari. Kwenye kompyuta, hapo ndipo inapotokea anwani ambayo kiungo kinaelekea. Isome herufi kwa herufi. Ukiona inaanza na file:///C:/Users ikifuatwa na jina la mtu, umeshapata jibu: aliyetengeneza slaidi ameunganisha faili iliyomo kwenye kompyuta yake. Kwake kitafunguka kila akijaribu, ndiyo maana atakuapia kwamba ni kizima. Ukurasa ukishapakiwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), kivinjari hukataa kufungua faili ya kompyuta ya mtu kutoka kwenye ukurasa wa intaneti, na mara nyingi hukataa kimyakimya. Mwambie aweke faili hiyo kwenye folda moja na slaidi kabla ya kuunganisha, anwani ibaki jina la faili tu, kisha folda nzima ipakiwe pamoja.

Majina ya faili nayo yana mitego. Kwa kawaida Windows haitofautishi Ripoti.pdf na ripoti.pdf, lakini seva nyingi zinatumia mfumo mwingine, Linux, na huko hizo ni faili mbili. Alama ya # ndani ya jina hukata anwani, kwa kuwa kivinjari hudhani kinachofuata ni sehemu ya ndani ya ukurasa. Mimi hubadilisha majina yote yawe herufi ndogo na nafasi kati ya maneno naziziba kwa vistari, hata mwenye slaidi akiona namsumbua. Angalia pia anwani inayoanza na www bila https:// mbele yake: kivinjari huichukua kama jina la faili iliyo kwenye seva ileile, na msomaji anapata 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani.

Kinachowachosha wengi ni kile kiungo kinachoitikia mbali. LibreOffice Impress, kwa mfano, ambayo ni programu ya kutengeneza slaidi, ikihamisha kwenda HTML (lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti) hugeuza kila slaidi kuwa picha, na maeneo ya kubofya hupimwa juu yake kwa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. Chukua picha yenye upana wa pikseli 1280, kitufe kikiwa kati ya pikseli 1000 na 1200. Ukiibana kwa CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) hadi 640 ili ienee kwenye ukurasa, jicho linakiona kitufe kati ya 500 na 600, ila eneo la kubofya limebaki kulekule 1000, nje kabisa ya picha. Ukitaka kutumia picha hiyo, ihamishe upya kwa upana uleule itakaoonyeshwa. Lakini simu zina skrini za kila ukubwa, kwa hiyo ninachopendelea ni kuviandika viungo muhimu kama maandishi ya kawaida chini ya picha. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini naye atavifikia.

Kisichobofyeka kabisa huwa chepesi. Hakikisha kwanza ni kiungo kweli, si maneno ya bluu yaliyopigiwa mstari tu. Kisha tafuta kisanduku kitupu au umbo lisilo na rangi lililolala juu yake, ulirudishe nyuma.

Na kila unachorekebisha, kirekebishe kwenye slaidi zenyewe. Ukirekebisha kwenye HTML, siku mwenye slaidi atakapobadilisha neno moja na kuhamisha upya, kazi yako yote inafutika. Akiongeza slaidi katikati, hata namba za kurasa zinasogea: iliyokuwa img4.html inakuwa img5.html, na kila aliyeunganisha kwenye ile ya zamani anafikia slaidi nyingine. Baada ya kila uhamishaji, badilisha jina la folda ya asili kwenye kompyuta yako ili kiungo ambacho bado kinaitegemea kijulikane, kisha fungua kurasa kutoka kwenye seva ukitumia simu, ubofye kiungo kimoja kimoja.