Kofia ya Kauboi Haitoshi: Kwa Unayeanza Kuandika Hadithi za Gemu

Miswada ya mwanzo ya gemu lenye ladha ya kauboi hufanana sana. Kuna kofia pana, kuna vumbi, kuna baa yenye milango ya kusukuma kwa bega, halafu ghafla kuna joka. Ukimuuliza mwandishi joka limefuata nini jangwani, anakwambia hii ni fantasia, kila kitu kinaruhusiwa. Mimi huwa namrudishia mswada na kumwambia akacheze gemu la Wild Arms kwanza, kisha aje tuzungumze.

Wild Arms ni la Kijapani. Liliundwa na Media.Vision kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, likatoka Japani Desemba 1996 na Marekani mwaka uliofuata. Lina bunduki, lina uchawi, lina majitu ya chuma yaliyofukuliwa kwenye magofu, na lina mashetani waliotoka nje ya dunia hiyo. Vitu vingi hivyo vingeweza kuwa fujo tupu. Havikuwa, kwa sababu vyote vimefungwa kwenye jambo moja: ardhi inakufa. Dunia yao, Filgaia, ilivunjwa na vita vya kale dhidi ya mashetani wa chuma, na walinzi wa ardhi wamebaki hawana nguvu. Kwa hiyo jangwa unalolivuka ni kovu la vita. Bunduki ni masalia ya vita hivyo hivyo. Uchawi ni nguvu kidogo iliyobaki kwa wale walinzi. Ukitoa kimoja, vingine vinakosa maana. Basi kabla hujaandika hata sentensi moja ya mazungumzo, andika ni nini kilichoifanya ardhi yako ikauke, na hakikisha silaha na uchawi wako vinatokana na jibu hilo hilo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanaoanza hulipita mbio. Kwenye hadithi za kauboi kuna kaida kongwe: mgeni anafika mjini, anauokoa mji kwa bunduki, kisha hawezi kubaki. Mkono uliowaokoa ndio wanaouogopa. Mwandishi wa filamu anakuonyesha hilo ukiwa umeketi. Wewe huandiki filamu. Mtu wako ameshika pedi.

Tazama Wild Arms linavyofanya. Kijana Rudy anaishi kama kibarua katika kijiji cha Surf. Mtoto anaingia pangoni, Rudy anamfuata, jinamizi linatoka, na wewe mchezaji unabonyeza mwenyewe ile amri ya kufyatua silaha ya kale ambayo wao huiita ARM. Hakuna aliyekulazimisha kuipenda, lakini umeipenda, maana inapiga kwelikweli. Dakika chache baadaye kijiji kizima kinakutazama kwa hofu, na unafukuzwa kwa sababu ya kitu ulichofanya kwa kidole chako. Kama fukuzo hilo lingeelezwa kwa maandishi mwanzoni, kwamba hapo zamani Rudy alifukuzwa kijijini, lingekuwa habari tu. Hapa ni dhuluma uliyotendewa wewe. Soma onyesho lako na ujiulize: wakati jambo kubwa linatokea, mkono wa mchezaji unafanya nini? Kama jibu ni kubonyeza kitufe ili maneno yaendelee, onyesho hilo bado.

Kanuni yangu ya kazi imetoka hapo. Ukurasa wa mswada ninaougawa safu mbili, kushoto kinachosemwa, kulia kinachofanywa na mchezaji. Safu ya kulia ikikaa tupu kwa kurasa mbili mfululizo, nakata maneno. Inauma, hasa pale maneno yenyewe yanapokuwa matamu.

Rudy karibu hasemi kitu gemu zima. Wanaoanza wanapenda sana shujaa bubu kwa kudhani ni njia rahisi, humwandikii maneno. Kinyume chake ndicho kweli. Bubu anahitaji watu wa kumzunguka wenye midomo, na Jack Van Burace, mwenzake mwenye upanga, ana mdomo pamoja na panya aitwaye Hanpan wa kubishana naye. Panya huyo si kichekesho tu. Unamtuma akakuletee vitu usivyovifikia na kugusa swichi za mbali, kwa hiyo hata unaponyamaza kusoma utani wao unamtumia. Wa tatu ni Cecilia, binti mfalme anayesoma uchawi, ambaye baada ya baba yake kufa anakata nywele zake ndefu na kuondoka nyumbani. Bunduki, upanga, uchawi: aina tatu za hadithi, watu watatu, na kila mmoja ana utangulizi wake unaouchezea kwa mpangilio uutakao. Hakuna mhadhara wa kukueleza dunia. Unaifahamu kwa kuwa umeipita kwa miguu mitatu tofauti.

Tuliokua tukitazama mikanda kwenye vibanda vya video tunajua sheria: steringi hafi. Wild Arms linaiheshimu sheria hiyo na kuilipisha. Rudy hafi, ila anapoteza mkono, na ndani ya jeraha inaonekana kwamba mwili wake umetengenezwa kwa chuma hai, kama wa mashetani wenyewe. Ndiyo maana zile silaha zinamtii. Kaida ya mteule, ambayo nimeichoka kuiona, hapa ina bei: kipawa chako ni ushahidi wa undugu wako na adui. Na kile kijiji cha mwanzo, ukikikumbuka, hakikuwa kimekosea kabisa.

Gemu la pili la mfululizo huu, lililotoka 1999, linageuza kaida yenyewe. Ashley ni mwanajeshi aliyeingiliwa na pepo kwenye sherehe iliyoharibika, na anachotaka maishani si utukufu, ni kurudi kwenye duka la mikate ambako Marina anamsubiri. Shujaa wa kauboi huondoka kuelekea machweo; huyu anataka kurudi nyumbani kula. Tafsiri yake ya Kiingereza ni mbovu, vumilia.

Kama una muda wa gemu moja tu, chukua la tatu, la 2002 kwenye PlayStation 2. Linaanza ndani ya behewa la treni usiku: watu wanne wasiojuana, bunduki nne, kila mmoja amemlenga mwenzake. Kisha linakurudisha nyuma uone, kwa tangulizi nne, kila mmoja alifikaje hapo. Virginia Maxwell, msichana ambaye ndiyo kwanza anaanza maisha ya barabarani, ndiye anayeishia kuwaongoza. Onyesho hilo lipo katika kila hadithi ya wizi wa treni, lakini hapa linafanya kazi ya kuunda timu, kazi ambayo magemu mengi huimaliza kwa kukutana hotelini na kupeana mikono.

Humo ndimo utajifunza namna kaida inavyoweza kugeuzwa kanuni ya mchezo. Bahari imekuwa mchanga na meli husafiri juu yake. Risasi zinaisha, na ukichagua kujikinga ndipo bunduki inapojazwa, hivyo ule utulivu wa mpiga bunduki kabla ya kufyatua unakuwa uamuzi wako kila zamu. Miji na magofu hayaonekani ramanini mpaka uulize watu, usikie fununu, uende eneo hilo na kupekua kwa mawimbi ya chombo chako. Wachezaji wengi walilalamika. Mimi naona ndiyo sehemu yenye ukauboi kuliko zote: mgeni asiyeuliza njia anapotea. Lakini nakuonya, upekuzi ukizidi unachosha, na hilo la tatu linapita mpaka mara kadhaa. Vivyo hivyo maadui wake: wanaingia kundi baada ya kundi, kila kundi na hotuba zake, na katikati ya gemu utakuwa unaruka maneno. Safu ya kulia tupu, unakumbuka.

Usione haya kuazima. Filamu nyingi za kauboi zilizotufikia zilitengenezwa na Waitaliano na kupigwa picha Almería, kusini mwa Hispania, baadhi zikiwa na muziki wa Ennio Morricone. Michiko Naruke alipotunga muziki wa Wild Arms, mbinja na gitaa zake zilitoka huko. Mjapani aliazima kwa Mwitaliano aliyeazima kwa Mmarekani, na kilichovuka bahari zote hizo hakikuwa kofia. Kilikuwa upweke wa mtu mwenye silaha katika nchi isiyo na maji. Ukiutaka upweke huo katika gemu lako, baa ya milango ya kusukuma unaweza kuiacha.

Pa kuanzia: cheza tangulizi tatu za gemu la kwanza hadi tamasha la magofu la Adlehyde, mji wa Cecilia, linaposhambuliwa na mashetani, kisha ingia kwenye treni ya gemu la tatu. Uwe na daftari la safu mbili. Kila onyesho litakalokugusa, andika ulikuwa unabonyeza nini. La nne na la tano yanaweza kusubiri. Yana uzuri wake, hasa uwanja wa vita uliogawanywa kwa vyumba vya pembesita, ila jangwa lenyewe humo limepungua.