Kuainisha si kutaja

Msomaji anauliza: "Naandika kuhusu wataalamu wanaotafuta viwango vya pamoja vya kisayansi kwa sarafu za Zama za Kati. Je, sarafu hubainishwa au huainishwa?"

Yote mawili, ila kubainisha hutangulia. Ukiishika ukasema hii ni peni ya fedha ya Uingereza, umeibainisha. Ukiiweka katika kundi lake kwa sababu unazoweza kuzitetea, umeiainisha. Bayana na aina yote yametoka Kiarabu. Tusonge mbele, maana nina langu moyoni.

Siku hizi kila anayeshika kipaza sauti "huainisha". Mkurugenzi ameainisha changamoto tano. Msemaji ameainisha kuwa mkutano utaanza saa nne. Saa nne ameiweka kundi gani? Amesema tu, basi! Kusema kupo, kutaja kupo, kueleza kupo, na hakuna kinacholipiwa. Changamoto tano zilizotajwa moja baada ya nyingine ni orodha, kama ya mtu anayekwenda sokoni.

Tazama kazi yenyewe. Peni za Uingereza zenye msalaba mfupi, zilizogongwa kuanzia 1180 hadi 1247, zimeandikwa HENRICVS. Mwenye pupa atampa Henry zote. Henry yupi? Wa Pili alifariki 1189, wakatawala Richard na John, jina likabaki lile lile hadi akaja Henry wa Tatu. Ukitaja kilichoandikwa, umewafuta wafalme wawili. Mtaalamu wa sarafu L. A. Lawrence alizigawa peni hizo katika madaraja manane, akiangalia vishungi vya nywele za mfalme, umbo la herufi na majina ya wagonga sarafu upande wa pili. Kuhesabu vishungi kwenye kipande cha fedha chepesi kuliko gramu mbili, huko ndiko kuainisha. Mkurugenzi wetu hajahesabu kishungi hata kimoja.

Atatokea mjuzi aniambie kwamba Kiarabu ‘ayyana ni kutaja kitu mahsusi. Najua. Kiarabu kina wenyewe.

Hivyo "viwango" vyako navyo viangalie. Kwa watu wa sarafu, kiwango cha fedha ni kiasi cha madini hayo ndani yake, na msomaji atadhani unazungumzia usafi wa madini. Andika "kanuni za pamoja za kuainisha sarafu". Mhariri akizigeuza kuwa "kanuni zilizoainishwa", muulize zimo daraja la ngapi.