Utando mweupe juu ya bia: nimwage au ningoje?

SWALI: Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Muyeye, Malindi. Mwenye nyumba, Mwitaliano, aliporudi kwao aliniachia kopo la rojo ya kimea yenye hopsi (maua machungu ya kutilia bia ladha), paketi ya hamira na haidromita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki ndani ya bia). Nikapika bia. Ndoo haikutosha, basi lita kama tano nilizitia kwenye jerikeni niliyoazima kwa jirani yangu mgema, baada ya kuiosha kwa sabuni. Leo ni siku ya 12. Ndani ya ndoo, juu ya bia, kuna duara la uchafu wa kahawia. Jerikeni nayo imeota utando mweupe na ina harufu ya kuchoma pua. Nimwage zote? Na nilikwisha kuonja, je, nimekunywa sumu?

JIBU: Ndoo usiiguse, ndugu yangu. Lile duara la kahawia ni alama ya povu lilipofika siku za mwanzo, hamira ilipokuwa imechachamaa. Povu likishuka, masalia ya hamira na hopsi hubaki yameganda ukutani. Yanatisha macho na ni machungu ulimini, hayana zaidi.

Jerikeni ndiyo yenye kesi. Ipeleke kwenye mwanga uutazame huo utando kwa karibu. Ukiwa mwembamba, mkavu, umekunjamana kama malai juu ya maziwa yaliyopoa, na chini yake pamenaswa mapovu makubwa, hiyo ni kazi ya hamira mwitu na bakteria waliopata hewa. Ukiona visiwa vyenye manyoya, vya kijani au vyeusi, huo ni ukungu. Hapo mwaga bila kuonja, maana kuna aina za ukungu zinazotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuengua juu.

Harufu ya kuchoma pua ni ya siki. Bakteria wa siki hukigeuza kileo kuwa asidi, lakini bila hewa hawafui dafu. Ikiwa jerikeni ni ya lita 20, lita tano ndani yake maana yake robo tatu ni nafasi tupu, na naamini ulikuwa ukifungua kuchungulia kila jioni. (Wote tunachungulia. Hata mimi.)

Walikotoka unakujua. Tembo la asubuhi ni tamu, jioni kali, likilala siku mbili ni siki. Wanaolibadilisha hivyo wanaishi ndani ya mikwaruzo ya plastiki, mahali ambapo sabuni haifiki. Pitisha ukucha ndani ya shingo ya ile jerikeni: pale unapokwaruza ndipo walipojificha.

Sumu hapana. Kileo, hopsi na ukali wa bia haviwapi nafasi vijidudu vya maradhi tunavyovijua. Bia iliyochacha inakera, tumbo pengine litanguruma, basi. Methanoli inayoua watu hutokana na spiriti za viwandani zinazochanganywa kwenye pombe ya kuuza. Ndoo yako haiwezi kutengeneza kiasi cha kudhuru.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokusumbua zaidi. Pwani, bia nyingi ninazoletewa nizinuse kwa madai kwamba zimeoza zina tatizo la joto. Hamira ya ale (aina ya bia inayochachishwa bila baridi kali), ambayo huenda ndiyo yako, hupenda nyuzi 18 hadi 22, na Malindi mwezi wa Machi hazipatikani hata usiku. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 30 hutoa harufu ya ndizi mbivu na ukali kama wa spiriti. Ukiinusa hiyo kwenye ndoo, usiwalaumu bakteria. Safari ijayo isimamishe ndoo ndani ya beseni la maji, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Harufu ya plasta ya kidonda mara nyingi ni klorini ya maji ya mfereji, hivyo yaache maji wazi usiku kucha kabla ya kupika. Harufu ya siagi huchanganya hata wazoefu, kwa kuwa hamira yenyewe huitoa kisha huila tena. Ingoje siku tatu nne. Ikizidi, na bia ikawa chachu au ikavutika kama mlenda, hao ni bakteria.

Kabla ya kutia kwenye chupa, itumie hiyo haidromita. Pima leo, pima tena baada ya siku tatu. Kwenye nyuzi 30 kipimo husoma chini kwa takriban 0.003, basi ongeza. Ukianza na 1.050, kusimama karibu na 1.012 ni kawaida. Ikiteremka hadi 1.002 na bado inashuka, kuna mgeni anayekula sukari ambazo hamira yako huziacha, na bia hiyo ukiifungia chupani itazipasua. Nimewahi kuokota vigae vya chupa kwenye dari.

Bia ya jerikeni usiichanganye na ya ndoo, wala usitumie mrija mmoja. Wewe ni mpishi: kama haina ukungu, ifunike kwa kitambaa safi, uiache jikoni wiki kadhaa, mbali na vyombo vya bia. Itakuwa siki yenye uchungu kidogo wa hopsi. Kwa achari ya embe itafaa, kwa kachumbari sina hakika.